Nani Anayemlewesha Mgonjwa?



Katika mialo ya Ziwa Viktoria, kuanzia Kirumba hapa mjini Mwanza hadi visiwani Ukerewe, Kome na Maisome, wapo watu wafanyao kazi kila siku bila kupokea hata senti. Huchota maji ya kupikia pombe, husomba kuni, huosha mapipa na masufuria, hubeba ndoo za dagaa kutoka mtumbwini hadi kwenye vichanja, hufagia vilabu kabla wateja hawajaingia. Jioni ifikapo hupewa kikombe cha gongo, au machicha ya pombe yaliyobaki chini ya pipa, kisha huenda kulala popote wapatapo kivuli. Wengi wao ni wagonjwa wa akili. Kila mtu mwaloni anawafahamu, kwa kawaida kwa jina la utani na si kwa jina la ubatizo.

Tunaandika haya kwa sababu jambo hilo limezoeleka hata halimshtui mtu tena. Tunasema bila kumung'unya maneno: kumlipa mgonjwa wa akili kwa kileo ni kumwibia ujira wake, na ni kumwongezea ugonjwa. Mwenye kufanya hivyo anatenda dhuluma, na jumuiya inayotazama pasipo kusema neno ina sehemu yake katika dhuluma hiyo.

1. Ugonjwa wenyewe

Miongoni mwa maradhi mazito ya akili, lile ambalo waganga wa hospitali huliita skizofrenia ndilo linalowapata wengi wa hao tunaowaona mwaloni. Huanza mara nyingi katika ujana, wakati kijana anapomaliza shule au anapoanza kujitegemea. Husikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Huamini kwamba anafuatwa au anarogwa. Maneno yake hukosa mfuatano. Hujitenga, huacha kuoga, huacha kazi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba mtu 1 katika kila watu 300 ana ugonjwa huu. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu wakazi 3,699,872 katika Mkoa wa Mwanza. Tukichukua kadirio hilo la dunia nzima, mkoa wetu peke yake una wagonjwa wapatao 12,000. Hakuna parokia isiyo nao.

Ugonjwa huu hauponi kwa siku moja, lakini unatibika. Zipo dawa kama klopromazini na haloperidoli, na zipo sindano zinazochomwa kila baada ya wiki kadhaa kwa yule asiyeweza kukumbuka vidonge. Mgonjwa anayepata dawa zake kwa mfululizo, chakula, usingizi na watu wa kumjali anaweza kulima, kuvua, kuoa au kuolewa, na kuimba kwaya. Akizikosa dawa, sauti hurudi.

Pombe huivuruga tiba hiyo kwa njia nyingi. Humsahaulisha mgonjwa dawa zake, au humfanya aziache kwa makusudi ili anywe. Ikichanganyika na dawa humlaza usingizi mzito wa hatari, na huweza kuzidisha ule ukakamavu na mtetemeko wa mwili ambao dawa zenyewe wakati mwingine huuleta. Humrudisha wodini mara kwa mara. Humwongezea hatari ya kujiua, ya kupigwa, na ya kuambukizwa UKIMWI. Na gongo, kwa kuwa hupikwa bila kipimo, huweza kuwa na sumu inayopofusha macho na kuua.

2. Kwa nini mgonjwa hunywa

Wapo wasemao kwamba mgonjwa hunywa kwa sababu ya ukaidi. Hao hawajakaa naye. Mgonjwa hunywa ili sauti zinyamaze kwa saa chache. Hunywa ili apate usingizi. Hunywa kwa sababu hana kazi, hana mke, hana ndugu anayemkaribisha, na kilabu ndipo mahali pekee ambapo hakuna anayemfukuza maadamu anachekesha. Na hunywa kwa sababu pombe ndiyo malipo pekee anayopewa.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1990 ulionyesha kwamba karibu theluthi moja ya watu wenye skizofrenia nchini humo walikuwa wamewahi kupatwa na ugonjwa wa ulevi, kiwango kinachopita kwa mbali kile cha watu wengine. Tafiti za nchi mbalimbali zilizojumlishwa mwaka 2009 zilitoa kadirio la mmoja katika watano. Hapa kwetu, mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Hospitali ya Bugando kuhusu matumizi ya vileo na dawa za kulevya miongoni mwa wagonjwa wa akili. Kwa hiyo wataalamu wa Mwanza wanalijua jambo hili. Sisi tunaokaa na wagonjwa hao mitaani ndio tunaojifanya kutolijua.

Na mazingira ya ziwa yanalizidisha. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi unapokuwa mkubwa, mitumbwi hukaa ufukoni, wavuvi huwa na fedha mfukoni na siku za kupumzika, na vilabu hujaa. Siku hizo ndizo ambazo mgonjwa wa akili hufanyishwa kazi nyingi zaidi na kunyweshwa zaidi. Wapo wanaomwagizia kikombe baada ya kikombe ili wamwone akicheza na kuanguka. Kwa mwanamke mgonjwa mambo ni mabaya zaidi. Hunyweshwa na mtu anayejua anachokitaka, na baada ya miezi kijiji kizima kinaiona mimba ambayo hakuna mwanamume anayekiri kuwa ni yake. Tendo hilo ni ubakaji. Tusilipe jina jingine.

3. Malipo yaliyokatazwa tangu zamani

Kumlipa mtu kwa kileo ni uovu wa zamani, nao umekwisha kuhukumiwa. Katika mashamba ya mizabibu ya Rasi, huko Afrika Kusini, wenye mashamba waliwalipa vibarua sehemu ya ujira wao kwa divai, mara kadhaa kwa siku. Mtindo huo uliitwa dop. Ulimfunga kibarua shambani kuliko mnyororo, na hata baada ya kupigwa marufuku uliacha nyuma yake vizazi vya walevi, na watoto waliodhurika na pombe tangu tumboni mwa mama zao. Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba wake Na. 95 wa mwaka 1949 unaohusu ulinzi wa ujira, lilikataza kabisa mishahara kulipwa kwa vileo vikali. Papa Leo wa Kumi na Tatu alikuwa amekwisha kufundisha mwaka 1891, katika waraka wake Rerum Novarum, kwamba ujira wa haki ni ule unaomwezesha mfanyakazi kuishi, na kwamba kukubali kwa mfanyakazi hakuuhalalishi ujira wa dhuluma iwapo amekubali kwa kulazimishwa na shida.

Ikiwa ni dhuluma kumlipa kwa kileo mtu mwenye akili timamu, aliyeweza kubisha na kuondoka, tutasema nini juu ya kumlipa hivyo mtu ambaye ugonjwa umemnyang'anya uwezo wa kujitetea? Kitabu cha Mambo ya Walawi kinamkataza mtu kumlaani kiziwi na kumwekea kipofu kikwazo njiani. Mtume Yakobo anafundisha kwamba ujira uliozuiliwa hulia mbele ya Mungu. Nabii Habakuki aliwakemea waliowanywesha wenzao kwa makusudi ili kuwaaibisha. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyemsamehe mkosaji kwa kuwa aliyeonewa hakulalamika.

4. Hoja tunazozisikia

Hoja ya kwanza: "Pombe na bangi ndizo zilizomtia wazimu, amejitakia." Ni kweli kwamba bangi huongeza hatari ya kupatwa na skizofrenia, na ni kweli kwamba ulevi wa muda mrefu unaweza kumfanya mtu aone na kusikia visivyokuwapo. Lakini wako wengi ambao ugonjwa ulitangulia, pombe ikafuata. Na hata kama pombe ingetangulia, hakuna hospitali ya Kanisa inayomwuliza mgonjwa wa kisukari amekula sukari kiasi gani kabla ya kumtibu. Kosa la jana, kama lipo, haliondoi haki ya kutibiwa leo.

Hoja ya pili: "Anaitaka mwenyewe, asipopewa hapa atakwenda kwingine." Hii ndiyo hoja ya kila muuzaji wa kitu chenye kudhuru. Mgonjwa anataka pia chakula, shati, sabuni na mahali pa kulala. Mbona hayo anayoyataka hatumpi?

Hoja ya tatu: "Tukimlipa fedha atakwenda kuinywa." Huenda. Lakini basi alipwe kwa chakula cha moto, kwa nguo, kwa sabuni, au fedha yake iwekwe kwa mtu anayeaminika, mbele ya shahidi, na mwenyewe aulizwe anataka inunuliwe nini. Jambo hili linahitaji uaminifu mdogo tu, na vyama vyetu vya kitume vinao watu waaminifu wa kutosha.

Hoja ya nne: "Kikombe kimoja kinamtuliza." Kinamtuliza kama vile kamba inavyomtuliza ng'ombe. Saa chache zikipita anaamka akiwa na hali mbaya kuliko ya jana, na anahitaji viwili.

Hoja ya tano: "Hayo ni mapepo, hospitali haiwezi." Hatuyadharau maombi. Mgonjwa anastahili kuombewa, kutembelewa na kupewa Mpako Mtakatifu kama wagonjwa wengine. Lakini mtu yeyote, awe mganga wa kienyeji au kiongozi wa kikundi cha maombi, anayemwamuru mgonjwa atupe dawa zake ili kuonyesha imani, anajitwika mzigo wa kifo cha mtu. Sala haijawahi kugombana na kidonge.

Wanaopenda kutaja mapepo tunawaomba wasome tena, katika sura ya tano ya Injili ya Marko, habari za yule mtu wa nchi ya Wagerasi. Naye aliishi kando ya ziwa. Naye alifungwa minyororo na kuachwa makaburini. Bwana alipomponya, watu wa nchi ile hawakufurahi. Walihesabu nguruwe waliopotea, wapatao 2,000, wakamsihi aondoke mipakani mwao. Waliona heri mtu abaki makaburini kuliko biashara ipate hasara. Na Bwana alipoondoka hakumchukua yule mtu awe mali yake, bali alimrudisha nyumbani kwa watu wake. Huko ndiko tunakotaka wagonjwa wetu warudi.

5. Milango miwili iliyofungwa

Ipo dhuluma nyingine isiyotokea kilabuni. Mgonjwa mwenye skizofrenia ambaye pia ni mlevi hujikuta kati ya milango miwili. Akipelekwa kwenye tiba ya akili akiwa ananuka pombe, huambiwa arudi akiwa hajanywa. Akipelekwa kwa wanaosaidia walevi, huambiwa ni kichaa na kwamba hapo si mahali pake. Ndugu waliomleta kwa mashua na kwa basi, kwa nauli ya kukopa, hurudi naye nyumbani na kumfunga kamba.

Mafundisho ya utabibu wa leo yako wazi: maradhi haya mawili hutibiwa pamoja, na watu walewale, kwa mpango mmoja. Kungoja pombe iishe ndipo ugonjwa utibiwe, au ugonjwa uishe ndipo pombe ishughulikiwe, ni kumkatia tamaa mgonjwa kwa lugha ya adabu.

Tena kufunga kamba ni hatari kuliko wengi wanavyodhani. Mlevi wa siku nyingi akikatiziwa pombe ghafla anaweza kutetemeka, kutokwa jasho jingi, kuanguka kifafa na kuweweseka, na wengine hufa. Waliomfungia ndani hudhani pepo amepanda, kumbe mwili unalia kwa kukosa kilevi ulichokizoea. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Serikali nayo ina deni. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, iliyochukua mahali pa sheria ya kikoloni, inakiri kwamba mgonjwa wa akili ana haki ya kutunzwa. Lakini sheria haichomi sindano. Mgonjwa wa kisiwani anapofika zahanati na kuambiwa dawa zimekwisha, haki yake imebaki kwenye karatasi. Na Serikali ikitaka inaweza: tarehe 1 Machi 2017 pombe kali za vifuko vya plastiki, vile viroba vilivyowamaliza vijana wetu, zilipigwa marufuku nchi nzima, na zikatoweka madukani. Gongo imekatazwa na sheria, na bado hupikwa mchana kweupe. Tunawauliza viongozi wa vijiji na mitaa: tofauti imetoka wapi?

Hatumshambulii mama mjane apikaye pombe ili awanunulie watoto sare na madaftari. Twaijua shida yake, na twajua kwamba mwenye faida kubwa mara nyingi ni mwingine. Lakini umaskini wake haumpi ruhusa ya kumtumikisha aliye maskini kuliko yeye. Anachoombwa hapa hakimgharimu mtaji: asimpe mgonjwa kileo, na amlipe kwa sahani ya ugali.

6. Yanayopaswa kufanywa

Kwanza, kila Jumuiya iwatambue wagonjwa wa akili walio katika eneo lake, kwa majina yao halisi, pamoja na ndugu zao. Asiitwe mtu tena kwa jina la kudhihaki ndani ya mikutano yetu.

Pili, wajumbe wawili au watatu waende kwa wenye vilabu, wenye mitumbwi na wachuuzi wa dagaa, bila matusi na bila vitisho, wawaambie kwamba kazi ya mgonjwa ilipwe kwa chakula au kwa fedha yenye mwangalizi. Mwamini anayekataa aonywe kindugu, na akiendelea jambo lake lifikishwe kwa paroko. Aliyemnajisi mgonjwa afikishwe polisi. Mambo hayo hayamalizwi kwa mbuzi wala kwa faini ya ukoo.

Tatu, mgonjwa apelekwe kwenye tiba, na asiende peke yake. Njia huanzia zahanati na kituo cha afya, hufika hospitali ya wilaya kama ile ya Nansio au ya Sengerema, kisha Sekou Toure na Bugando hapa mjini. Anayemsindikiza aseme wazi kwa tabibu kwamba mgonjwa anakunywa, anakunywa nini na kiasi gani. Kulificha jambo hili kwa aibu ni kumnyima tabibu nusu ya habari. Akikataliwa kwa sababu ya pombe, msindikizaji aombe jina la kituo kingine na barua ya rufaa, wala asiondoke mikono mitupu.

Nne, WAWATA, VIWAWA na Caritas ya parokia waweke mfuko mdogo wa nauli na wa dawa pale zinapokosekana, na wapange zamu ya kumkumbusha mgonjwa siku yake ya sindano. Sindano moja isiyokosewa ina maana kuliko hotuba kumi.

Tano, mgonjwa apewe kazi yenye heshima miongoni mwetu: kupalilia bustani ya parokia, kupanga viti, kutunza maua ya kanisani, kwa malipo ya haki. Aliyekwenda kilabuni kwa kukosa mwenzi hatatoka huko kwa kukaripiwa. Atatoka akipata mahali pengine ambapo watu humngoja.

Sita, wawakilishi wetu katika serikali za vijiji na katika kamati za zahanati waulize, kila kikao, dawa za maradhi ya akili zipo au hazipo, na jibu liandikwe kwenye muhtasari.

Hayo yote yanaweza kuanza kabla ya mwezi kuwa mkubwa tena na mitumbwi kupandishwa ufukoni.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Ni wagonjwa wangapi wa akili katika eneo letu wanaofanya kazi bila kulipwa? Je, twayajua majina yao ya ubatizo?

2. Nani huwapa pombe, kwa kazi gani, na nani kati yetu atakwenda kusema naye wiki hii?

3. Mara ya mwisho mgonjwa fulani wa eneo letu alipata dawa lini? Kilichomzuia ni nauli, ni dawa kukosekana, ni aibu, au ni kwamba hakuna aliyemsindikiza?

4. Akija kanisani Jumapili ijayo akiwa amekunywa, ataketi karibu na nani?